Mkandaji Asiyejua Kusema Pole

Mkandaji huyu wa wachezaji wa tenisi ana vidole ambavyo vikilikanda jiwe, jiwe litaomba radhi. Plasta huikata kwa meno, na husemezana na kiungo, si na mwenye nacho: "Haya, goti, bibi yako kakufanya nini tena?" Siku ya nusu fainali, binti mmoja alimjia kifundo cha mkono kimevimba kama andazi. "Nifunge tu, dada, nimebakiza gemu mbili!" Mkandaji akampa chupa ya maji aishike kwa mkono huohuo. Ikaanguka. "Ukirudi uwanjani, mdogo wangu, kombe kubwa la wiki ijayo utalitazama kwenye runinga." Binti akamporomoshea matusi, huku machozi yakimtoka, kisha akamwashiria mwamuzi kwamba amejitoa. "Tukana tu," mkandaji akasema, akikunjua bandeji ya kumfunga. "Mdomo haujateguka."