Vyura wa Mama Mkwe

Kila mji mdogo una mtu ambaye wenyeji wakimwona tu kwenye kona huanza kufunika mapipa. Hapa aliitwa Mwaga-Maji. Alikuwa mtu wa idara ya afya, mrefu, shingo yake imezoea kuchungulia. Kazi yake ilikuwa kuingia nyua za watu, kupindua makopo, matairi na sufuria mbovu, na kumwaga kila tone lililotuama kabla halijazaa mbu. Watoto walimpenda. Mama zao walimsonya.

Ua mmoja tu ulimshinda: wa mama mkwe wake. Nyuma ya jiko lake palikuwa na pipa la maji ya mvua, na humo viluwiluwi walicheza kama wako harusini. Mwaga-Maji aliweza kugombana na mtaa mzima, lakini mbele ya mama yule, aliyemnyima binti yake mara mbili kabla ya kulegea, alinywea. Kila akipita alikohoa na kusema, "Mama, naona pipani mna viluwiluwi."

"Hata mimi nawaona, baba. Wanaendelea vizuri," mama alijibu, akaendelea kufagia.

Sasa mkaguzi mkuu alikuwa njiani, na alishatamka: pipa moja tu likikutwa na mbu, afisa wa mtaa huo hana kazi tena, amemwaga unga. Mwaga-Maji hakuwa tayari kumwaga huo. Akajipa moyo, akaenda.

"Mama, leo hao viluwiluwi lazima wamwagwe."

"Wamwagwe? Na ninavyohangaika kuwamegea mkate asubuhi na jioni!"

"Unawalisha?"

"Sasa watakuwaje vyura bila kula? Redioni walisema chura anakula mbu. Nikasema ngoja nimsaidie mkwe wangu, kazi inamkondesha. Nimekufugia jeshi zima, na shukrani yako ndiyo hii?"

Hapo ndipo Mwaga-Maji alipoelewa. Ni kweli, watoto wa chura huitwa viluwiluwi. Wa mbu pia. Kumbe siku zote alipokuwa akilalamika, mama alikuwa akipokea pongezi.

Kabla hajamweleza, mkaguzi akapiga hodi. Mama alimvuta moja kwa moja hadi pipani. "Njoo uone kazi ya mkwe wangu!"

Wote watatu wakainama. Juu ya maji, kitu kidogo kilipasuka mgongo, kikatoa miguu mirefu, kikasimama kukausha mabawa, kisha kikaruka na kutua shavuni kwa mama. Alijizaba kibao, akatazama kiganja.

"Huyu si chura," alisema polepole.

"Si chura, mama," alijibu mkaguzi.

Mama alilisukuma pipa kwa mikono miwili. Maji yote yakaishia kwenye viatu vya mkaguzi.

"Na wewe usimtolee mkwe wangu macho! Kosa ni la hilo neno 'viluwiluwi', si lake. Mfukuze uone kama sitakuletea binti yangu na wajukuu wote uwalishe!"

Mkaguzi alichezesha vidole ndani ya viatu vilivyojaa maji, cheko likamponyoka. "Baki na kazi yako," alimwambia Mwaga-Maji. "Ila hilo neno liache. Sema watoto wa mbu."

Mwaga-Maji hakupata hata nafasi ya kusema hivyo. Tangu siku hiyo mama alimtangulia mtaa kwa mtaa, kajifunga kibwebwe, akipaza sauti, "Watoto wa mbu, nje!" Watu wakawa wanamwaga wenyewe, hata maji ya kunywa.