Nimekataa kuazimisha nebulaiza ya mjukuu wangu, majirani wakaninunia

Wakuu, wengi wenu nawazidi umri, kwa hiyo naanza na marahaba. Mnaonizidi, shikamooni.

Mimi ni bibi wa Makwale, huku Kyela. Shule niliishia darasa la nne. Akaunti ni ya binti yangu, maneno ni yangu, nimeyabonyeza kwa kidole kimoja siku tatu. Nikiongopa humu, mafuriko yabebe mpunga wangu wote.

Nina mjukuu, Atuganile, tunamwita Atu. Ana miaka saba. Mama yake, huyo binti yangu mwenye akaunti, anafanya biashara ya vitenge mpakani Kasumulu na ng'ambo Malawi, kwa hiyo mtoto anakaa na mimi.

Atu ana ugonjwa unaitwa cystic fibrosis. Nimelinakili jina hilo kutoka kwenye kadi yake herufi kwa herufi.

Kazaliwa nao. Hauambukizi. Si laana, na si bibi kamroga. Hilo la mwisho nimeliweka kwa sababu lilishasemwa.

Makohozi yake hayatoki kama yetu. Yanavutika kama ute wa kakao mbichi, yanaganda kifuani, wadudu wanafanya makazi. Na jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Hilo nililijua kabla ya daktari yeyote. Akiwa mchanga nilikuwa nikimbusu kwenye paji la uso nabaki na chumvi mdomoni. Nikasema, huyu mtoto ana chumvi. Wakasema bibi anazeeka.

Tumezungushwa sana. Dawa za kifua, dawa za TB, dawa za minyoo. Mpaka hospitali kubwa daktari wa watoto mmoja akasema tupime jasho. Jasho! Nikamwambia, mwanangu, ungeniuliza mimi.

Sasa nije kwenye mashine.

Kila alfajiri na kila jioni Atu anavuta dawa kwa nebulaiza. Ni kimashine kinanguruma, kina mpira, kikombe kidogo cha dawa na barakoa ya kuvaa puani na mdomoni. Huku wanaiita mashine ya moshi. Kwanza dawa ya kufungua kifua, halafu maji ya chumvi ya hospitali.

Ndiyo, mtoto mwenye chumvi nampa chumvi. Mshangae mpaka mchoke, mimi nilishamaliza kushangaa.

Akimaliza namlaza mapajani, nampiga mgongo kwa kiganja nilichokikunja kama nachota maji. Anakohoa, anatema. Halafu kazi yangu kubwa inaanza: kikombe na barakoa naviosha kwa sabuni, navichemsha kwenye sufuria yao peke yao, navianika juu ya kitambaa safi mpaka vikauke kabisa. Kila mara. Umeme ukikatika nina betri ya sola, bei yake iliniuma kama mahari, lakini ipo.

Nilifanya hivyo mwaka mzima bila kukosea. Halafu nikakosea siku moja, kwa sababu ya adabu.

Mlio mbali na huku mnielewe. Kwetu jirani hanyimwi chombo. Kinu, ungo, sufuria ya msiba, vyote vinazunguka. Ukimnyima jirani kinu umemwambia ahame. Na chombo hakirudi kitupu, kinarudi na chochote, ndizi, maharage. Na wewe unayekipokea hukioshi mbele ya aliyekirudisha. Kukiosha mbele yake ni kumwambia wewe ni mchafu. Unakipokea kwa mikono miwili, unasema ndaga, yaani asante, na kama ni sufuria unaiinjika hapo hapo aone unamwamini.

Ndivyo alivyonilea mama yangu. Ndivyo nilivyowalea wanangu.

Basi jirani yangu Mama Lusajo akaja. Mama mkwe wake alikuwa anakohoa.

"Bibi Atu, naomba ile mashine ya moshi. Dakika kumi tu, mama apate kulala."

Nikatoa. Mashine, mpira, kikombe, barakoa, vyote. Kama kinu.

Jioni akairudisha kwenye sinia, pembeni kaweka ndizi mbivu. Kikombe kilikuwa bado kina maji. Akaniambia kwa furaha kwamba hawakuwa na dawa, waliweka maji ya kisima tu, na mama kapata nafuu kweli. Na kabla ya kuleta kaisuuza vizuri. Kwa maji hayo hayo ya kisima.

Nilitakiwa nikisugue na kukichemsha. Nilijua. Daktari alinijaza masikio kwa hilo neno.

Lakini Mama Lusajo alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama, na saa ya dawa ya Atu ilikuwa imefika. Nikaona aibu. Nikamwaga yale maji, nikaweka dawa, nikamvisha mtoto barakoa.

Nilimheshimu jirani kwa mapafu ya mjukuu wangu.

Haikupita wiki mbili, Atu akabadilika. Makohozi ya kijani, homa, hali chakula, hata mbalaga ya ndizi anayoipenda akaisukuma. Tukapelekwa Mbeya. Sindano siku kumi na nne, mkono wote umevimba, mtoto hana hata nguvu ya kulia.

Daktari akaniuliza, "Bibi, vyombo unachemsha?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia kila kitu, na ndizi nikazitaja.

Hakunigombeza. Akasema kuna wadudu wanapenda maji. Wanakaa kisimani, kwenye ndoo, kwenye bomba. Mimi na wewe tunawanywa hatuna habari. Kwa mtoto kama Atu wakiingia kifuani wanajenga, kuwatoa ni vita. Akasema hawezi kuapa kwamba walitoka kwenye kikombe kile.

Yeye haapi. Mimi naapa.

Tulirudi na dawa nyingine ya kuvuta juu ya zile za zamani, na kila tukienda kliniki wanapima makohozi kuona kama wale wadudu bado wamo. Mkitaka kujua bibi anaogopa nini duniani, anaogopa karatasi ya majibu ya makohozi.

Siku niliyorudi nilifanya mambo mawili. Niliweka beseni na sabuni mlangoni, kila anayeingia ananawa. Na nikatangaza: mashine haitoki. Si kwa mgonjwa, si kwa ndugu, si kwa mchungaji.

Jamani, nilinuniwa.

Kisimani wakawa wakiniona wanavuta pumzi kwa nguvu, wanasema, "Vuteni haraka jamani, mwenye hewa yake anakuja!" Wanacheka. Mwingine anasema Bibi Atu atatuuzia upepo wa ziwani kwa vibaba. Mama Lusajo aliposikia kwamba nasema ni kile kikombe, akaacha kabisa kunisalimia. Akasema nimemwita mchafu. Kwa kusema kweli, simlaumu. Kwa mila yetu nilikuwa nimemwita mchafu.

Msimu wa kuvuna, wanawake tunaosaidiana shamba kwa shamba walivuna kwa wote, kwangu hawakufika. Nikavuna na binti yangu aliyerudi toka mpakani, wawili, Atu kakaa chini ya mwavuli anatuhesabia mafungu. Mgongo huu mpaka leo unanikumbusha.

Akatumwa mzee wa kanisa kuja kunituliza. Kafika mlangoni.

"Ugonile, mama."

"Salama, baba. Nawa mikono."

"Mama, nimekuja kwa neno la Mungu."

"Neno lisubiri kidogo, sabuni ipo hapo."

Kanawa, lakini kwa hasira, maji yakamrukia suruali. Akakaa, akasema kijiji kinalia, mimi ni mtu mzima, uchoyo haunifai. Sikubishana. Ilikuwa saa ya dawa. Nikamwambia, baba, kaa utazame. Akatazama yote, mvuke, mgongo kupigwa, mtoto anavyokohoa mpaka macho yanatoka machozi, anavyotema kwenye kopo. Kisha nikachemsha vyombo mbele yake.

Atu akamwambia, "Babu, hiyo nafanya mara mbili kila siku."

Mzee akainuka. Alipoaga akasema, "Mama, endelea." Lakini kijijini hakwenda kusema lolote. Nilimtegemea aseme. Hakusema. Wanaume!

Sasa sikilizeni kilichotokea baadaye, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Siku ya gulio, mchana, namwona Mama Lusajo anakuja mbio, kanga imemtoka kichwani, mgongoni kambeba kitinda mimba wake. Mtoto anahema kama kuku aliyekimbizwa, mbavu zinaingia ndani. Ni miezi mingi hajakanyaga uwanja wangu.

"Bibi Atu, nipige, nitukane, lakini nipe mashine. Mwanangu anakufa."

Wakuu, niliitazama mashine. Ipo pale juu ya meza, imefunikwa kitambaa. Na Atu naye ananitazama.

Nikasema, "Mashine sitoi."

Alilia kilio ambacho sitakisahau. Akanitukana, akamtukana na marehemu mama yangu. Nikamwacha amalize pumzi, nikamwambia, "Mashine sitoi. Mimi mwenyewe najitoa. Huyo mtoto si wa moshi, ni wa hospitali. Twende."

Nikamfungia Atu kanga mdomoni asivute vumbi, nikasimamisha pikipiki mbili. Mama Lusajo na mwanawe ile ya mbele, mimi na Atu ya nyuma. Kituo cha afya nikapita foleni yote, nikagonga mlango, nikasema, "Huyu hasubiri." Wa foleni wakaguna. Nikawageukia. Wakaacha kuguna.

Alikuwa na homa ya mapafu. Wakamwekea oksijeni na sindano. Mganga wa kituo akasema mngekaa nyumbani mkimvutisha maji, mngeniletea kitu kingine.

Mama Lusajo alisikia. Mimi sikumwangalia, na sikusema nilikwambia. Nilikuwa natazama jua, maana saa ya dawa ya Atu ilikuwa inakaribia na mimi nina safari ya kurudi.

Yule mtoto alipona. Sasa anatembea, anakuja kwangu kuiba ndizi.

Hatujawahi kuyaongea na mama yake. Kwetu mengine hayaongelewi.

Ila juzi aliazima kinu changu. Jioni akakirudisha, ndani kaweka vichane viwili vya ndizi. Nikakipokea, nikasema ndaga. Halafu nikachota maji ya ndoo kwa kata, nikachukua brashi, nikaanza kukiosha mbele yake.

Kinu, wakuu. Kinu hakina shida yoyote. Lakini nilitaka nijue.

Alisimama ananitazama. Nikaendelea kusugua. Nikasikia anakaza kanga kiunoni, akachukua kata mikononi mwangu, akawa ananimiminia.

"Sugua na hapo chini," akasema. "Pana pumba."

Nilichojifunza ni hiki. Mila nimezaliwa nazo na nitazikwa nazo, lakini kifua cha mtoto hakijui mila. Mwenye mgonjwa kama wangu, kikombe na barakoa ni vyake peke yake, kama ulimi ulivyo wake. Usiazimishe. Chemsha, kausha, na ukiona aibu, iweke kwenye sufuria ichemke humo humo. Sikuomba radhi kwa mtu na sitaomba.

Ninayemwomba radhi ni mmoja, na kila alfajiri nampiga mgongo.

Wenye watoto wa namna hii, hasa mlio vijijini, semeni mnafanyaje umeme ukikosa siku mbili na mvua inanyesha, betri yangu hapo inashindwa. Wenye la kunifundisha nafundishika. Na wenye matusi karibuni pia, ila mnawe kwanza.