Kwa Nini Ulitoka Kibandani

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, huku Ufipa. Mimi na rafiki yangu Deusi tulikuwa tunalima shamba la kijiji kwa plau la ng'ombe, na mkewe Sabina alikuwa ametuletea uji. Mvua ikatukimbiza kibandani. Nikatoka mara moja. Sikufika mbali, radi ikapiga. Niliporudi kibanda kilikuwa kinafuka moshi, na wote wawili wamekufa.

Mimi nilikuwa mtu wa kuja, kwetu Mbeya. Msibani watu walisogea kando nilipokaribia. Nikasikia nyuma yangu, “Huyu alijuaje kuwa radi itapiga?” Nami nikaanza kuwachunguza, nani kaanzisha maneno haya? Nikamshuku jirani yangu Pasikali, kwa vile tu aliacha kuja kuomba moto. Mlango wangu nikaufunga hata mchana.

Jumapili, baada ya sala, mama yake Deusi alinisimamisha nje ya kanisa, watu wote wakitazama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kwa nini ulitoka kibandani?”

“Deusi alinituma nikawafungue ng'ombe, walikuwa chini ya mti. Alisema, ‘Nenda wewe, Sabina ana baridi, ngoja nimfunike.’”

Mama akakaa pale pale kwenye matope, akalia sana. Kisha akasema, “Neno la mwisho la mwanangu, nawe umekaa nalo tu?”

“Niliogopa, mama. Pasikali ananitangaza mchawi.”

“Umemsikia?”

“Hapana.”

“Basi nawe unatafuta mchawi wako.”

Akamgeukia katekista, akamwuliza kwa nini Mungu kawachukua wote wawili. Yule mzee akajibu, “Sijui, mama.” Nadhani mama alimheshimu kwa jibu hilo. Jioni mama huyo alinikaribisha kwake, tukala ugali wa ulezi sahani moja, mlango wazi.

Pasikali nilimwendea kesho yake. Kumbe alidhani mimi ndiye niliyemchukia! Lakini wako waliokataa kunipa mkono hadi wanakufa.

Mwanangu, likitokea janga, moyo hutaka mtu wa kumbebesha lawama. Usiukubalie. Mwulize mtu usoni kabla ya kuuliza wengine habari zake. Na ukiwa na neno la marehemu, wapelekee wenyewe upesi, hata kama unatetemeka.

Mungu akuepushe na radi, akuepushe na macho ya kuona adui kwa kila apitaye. Nyumba yako isikose mgeni.