Unga wa Grafiti na Mkono Niliouficha

Mume wa dada yangu, niliyemwita muramu, alikuwa akiyeyusha alumini iliyochakaa na kumimina sufuria nyuma ya nyumba yetu, Gisenyi. Mimi nilikuwa nimeishia shule ya msingi, na maneno yangu yalikuwa machache. Kazi ile ilinifaa, maana mchanga hauulizi mtu maswali.

Kabla ya kumimina, tulipaka kalibu ya mchanga unga wa grafiti ili sufuria itoke laini. Unga huo ni wa aina nyingi, na wote ni mweusi. Wenye magamba makubwa huchanganywa na udongo kutengenezea chungu cha kuyeyushia. Wa kupaka kalibu ni ule laini kabisa. Kisha kuna mweusi wa betri za redio zilizotwangwa, ambao watu huupaka sehemu ya chini ya kuta. Huo una chumvi na huvuta maji. Alumini ya moto ikiugusa, unatoa gesi inayoacha vitundu katika sufuria. Grafiti ya kweli huteleza na kuacha mng'aro kwenye ngozi, lakini ya betri hukwaruza. Ndiyo maana kule Goma muuzaji alikusugulia kidogo kiganjani kabla hujanunua.

Mama alikuwa ameacha kulima Kanzenze kwa sababu ya mgongo. Alitaka kuuza maharage ya kuchemsha karibu na kituo cha mpaka cha Grande Barrière, wanapopita wachuuzi, na hakuwa na tegemeo lingine. Muramu alimwahidi sufuria kubwa, akaniachia niimimine mwenyewe. Unga ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nikavuka mpaka kwenda Goma.

Muuzaji alikuwa msichana wa rika langu.

"Leta mukono," akasema.

Mikono yangu ilijaa makovu ya moto, na kidole kimoja hakikuwa na kucha. Niliitia mfukoni.

"Nipimie ule tu." Nikaonyesha kwa kidevu.

"Iko ya kufanya nini? Hatununuake unga na macho, kaka."

"Ule."

"We, sitakula mukono yako!" Akawageukia wenzake. "Labda iko na bibi ndani ya mufuko!"

Walicheka. Nilichukua unga bila kuugusa, nikaondoka haraka.

Muramu alikuwa amekwenda Cyanzarwe kutafuta vyuma, hivyo nilimimina bila yeye. Ukatoka moshi wenye harufu kali. Sufuria ilikuwa na vidoa kama uso wa mgonjwa wa ndui. Nilijiambia ni ngozi ya juu tu, nikaisugua kwa mchanga hadi ikang'aa.

Siku ya kwanza ya biashara, nilimbebea Mama sufuria mpaka barabarani. Wateja walikuwa wamekwisha kukaa wakati moto ulipoanza kulia *chii, chii*. Maji yalikuwa yakitoka chini ya sufuria kama jasho.

"Mama, sufuria yako iko nalia!" akasema mchuuzi mmoja. "Nani alimupiga?"

"Iko nazimisha moto, maharage isiungue," akajibu mwingine. "Donc, basi leo tutatafuna mbichi!"

Mama alicheka pamoja nao. Alimwaga maharage kwenye beseni la jirani, akainua sufuria juani. Mwanga ulipita kwenye vitundu vidogo vidogo. Hapo akaacha kucheka.

Jioni muramu alichota unga uliobaki, akausugua kwa kidole gumba.

"Uliushika kabla ya kununua?"

"Hapana."

"Mikono ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Aliukung'uta ule unga chini. Mama ndiye aliyeuliza, bila kuniangalia: "Kesho nitapikia ndani ya nini?"

Kulipokucha nilivuka tena. Msichana aliniona kwa mbali.

"Bwana Mufuko! Umerudia?"

Wenzake walikuwepo wote. Nilitoa mkono nikaufungua mbele yao, na masikio yakaniwaka moto.

"Ya kupaka kalibu ya sufuria," nikasema.

Alikitazama kidole kisicho na kucha. Nilingoja utani, haukuja. Alisugua unga wa kwanza kiganjani mwangu, ukakwaruza. Akaupangusa kwa kitambaa. Wa pili ukateleza kama mafuta.

"Njo hii ya kalibu," akasema.

Niliporudi, Mama alikuwa amekaa mahali pake pa biashara, mafiga yake yakiwa baridi. Nilitaka kupita kimya. Aliushika mkono wangu, akaugeuza juani, akapitisha kidole juu ya kiganja kilichong'aa, kisha juu ya makovu.

"Basi," akasema, akinisukumia ile sufuria kwa mguu. "Nenda ukaiyeyushe."