Maini ya Ijumaa

Katika nyumba ya Mwanaesha, Kibokoni, maini na mayai yalikuwa ya wanaume. Mwanamke alikula yai akiwa mzazi, ndani ya arobaini yake, na arobaini ikitoka, yai nalo limetoka. Sheria hiyo aliishika kwa meno.

Shukri alipoolewa na mwanawe Badawi, wiki ya kwanza tu alidokoa kipande cha ini sufuriani. Mwanaesha akampiga vidole kwa mwiko wa moto, mbele ya majirani waliokuja kumtazama biharusi.

"Ini ni la wenye kazi," akasema. "Mwanamke wa nyumba hii haijui ladha yake."

Majirani wakacheka. Shukri akanyonya vidole, akaliweka moyoni.

Miaka ikapita. Mwaka wa tisini na tisa, hedhi imeshamkoma zamani, Mwanaesha alianza kuchoka ovyo. Sista Kasyoka wa zahanati alimsomea majibu: ini lake limeanza kuingia mafuta.

"Mwanamke mwenye hedhi, mwili wake hujitengenezea kitu kiitwacho kolini," akamweleza. "Hedhi ikikoma, uwezo huo hupungua, na ini huumia. Sharti uipate kwa chakula, mama. Samaki na maharagwe husaidia kidogo, lakini nyingi iko kwenye maini na kiini cha yai."

Jina la kolini lilimtoka hapo hapo mlangoni. Maini hakuyasahau. Lakini jiko lilikuwa la Shukri siku hizo, na mavyaa asiye na jiko ni mgeni asiyeaga.

Ijumaa Badawi alirudi msikitini, akaandaliwa maini ya kukaanga, yamekamuliwa ndimu. Mwanaesha, aliyekuwa kigodani, akaomba kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mwanangu Shukri, n'katia kipande kimoja. Sista kasema ndiyo dawa yangu."

"Dawa, mama? Ini si la wenye kazi?"

Mwanaesha akamtazama mwanawe. Badawi akacheka, mdomo umejaa, bila ubaya wowote.

"Mamangu hapendi ini tangu nina akili! Hata marehemu baba akimmegea, alikuwa akimrudishia."

Alilisema kwa fahari. Nao ulikuwa uongo wa Mwanaesha wa miaka yote ya ndoa yake, kwani alilipenda ini kupita kiasi. Mate yakamjaa kinywani, na aibu pia.

"Kweli," akasema. "Silipendi."

Badawi alipotoka, sahani ilibaki na vipande viwili. Shukri akaipitisha mbele ya pua ya mavyaa wake, akamwekea paka mlangoni, kisha akapanda darini kuanika nguo.

Mwanaesha akangoja nyayo zipotee. Akainama, akamsukuma paka, akakinyakua kipande kimoja na kukitia kinywani, kilivyo, na manyoya ya paka.

Alipoinua uso, Shukri alikuwa amesimama ngazini, anamtazama.

"Tafuna, mama," akasema. "Kisha uniambie ladha yake."