Mkwe Mfinyanzi

Mimi nilijifunza kufinyanga nikiwa nyuma ya ukuta. Mwalimu wangu alikuwa mama mkwe, na kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake hawaketi karibu, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani kumpisha mwenzake. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Vijana wa Migwani siku hizi wanakula meza moja na mama wakwe zao, wanapiga hata picha pamoja. Huyu wangu, hapana. Yeye ni wa zamani, na sikutaka niwe mimi wa kumvunjia desturi.

Kwa hivyo aliketi mbele ya kibanda chake cha jikoni, mimi nikaketi nyuma, na mke wangu akawa anatuzunguka na vyungu mkononi.

"Mwambie huu mdomo ni mnene," namsikia mama mkwe akisema, hatua chache tu kutoka nilipo.

Mke wangu anazunguka ukuta. "Mwaitu anasema mdomo ni mnene." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mbona unanitembeza?"

Niliingiaje huko? Miaka kumi na tisa nilikuwa mtunza bustani wa mzee mmoja Nairobi. Mzee yule alipenda bonsai, yaani miti kamili, mikuyu na migunga, ambayo inakatwa mizizi na matawi kwa subira mpaka inabaki kimo cha mkono. Mimi ndiye niliyeinywesha, nikaipogoa, nikaibadilishia udongo. Kila mti ulikuwa na chungu chake kipana, kifupi, kilichotoka ng'ambo. Nyumbani nilikuja Krismasi na Pasaka, na mke wangu alinipa chai kwa kikombe cha wageni. Hakuwa na nia mbaya, mkono wake ulikuwa umezoea tu. Siku moja nilikitazama kile kikombe cha maua nikaumia kweli. Nikasema imetosha, sirudi.

"Na tutakula nini? Miti?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia kuna mama mmoja wa mji wa Wote, ana kitalu, anakuza waridi la jangwa kwa njia hiyo ya bonsai na analia kwamba hapati vyungu. Alikuwa amesema nimpelekee kumi avione, na vikimpendeza atachukua vyote nitakavyofinyanga. Mzee wa Nairobi naye alikuwa ananipigia kila wiki kuuliza narudi lini. Mke wangu akakata shauri kama hakimu.

"Moto mmoja. Vikitoka sawa, kaa. Vikikataa, unarudi Nairobi na sitaki kusikia kelele."

Sasa, kufinyanga kwetu ni kazi ya wanawake, na fundi aliyebaki ni huyo mama mkwe. Sokoni walinicheka wakachoka. Muuza sukuma wiki mmoja aliniuliza kama nimeshapewa leso ya kwaya ya akina mama. Nilimjibu vibaya na mpaka leo sijajuta.

Udongo mimi na mke wangu tuliutoa ukingoni mwa mto, tukautwanga, tukauchekecha, tukauchanganya na mchanga. Nilijifunza kukwangua kuta kwa kipande cha kibuyu na kuzilainisha kwa jiwe la mtoni. Chungu cha kwanza cha bonsai kilipozungushwa kwenda mbele, nilimsikia mama mkwe akikigeuzageuza.

"Muulize hiki ni cha kupikia ama ni cha mbwa."

"Mwambie ni cha mti," nikasema.

"Mti? Basi mwambie aongeze miguu unene. Mti ni mzito."

Nilicheka peke yangu kule nyuma. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mama, ingawa uso wake sikuwa nimeuona vizuri tangu harusi yangu.

Nilifinyanga kumi na mbili. Vilipoanza kukauka nikachukua kijiti, nikatoboa kila kimoja mashimo mawili chini, ya kutolea maji. Nikaviweka ghalani kwa mama mkwe vikaukie kivulini, tukaenda zetu. Sikumweleza mtu habari ya mashimo. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida tu, mkononi mwangu vilikuwa vimepita vyungu kama hivyo miaka yote ile.

Siku ya kuchoma nilifukuzwa. Mwanamume akisogelea moto, vyungu vinapasuka, ndivyo mama mkwe anavyoamini, na sikuwa na nguvu za kubishana. Yeye alivipanga, mke wangu akabeba nyasi na kuni. Mimi nilikaa ng'ambo ya bonde nikiangalia moshi na kuomba kama mtu ambaye mkewe yuko leba. Mwishowe simu ikalia.

"Njoo. Kimepasuka kimoja tu."

Niliteremka mbio. Vyungu kumi na kimoja, vyekundu, vyenye madoa meusi ya moto. Vilikuwa vizuri, jameni. Nikainua kimoja, nikakigeuza. Hakikuwa na shimo. Cha pili, hakuna. Cha tatu, hakuna.

"Wuui! Nani ameziba mashimo yangu?"

Mke wangu akanishangaa. Nikageuka, na hapo mbele yangu alikuwa mama mkwe, majivu mikononi. Nikamtazama machoni na kupaza sauti: "Ni wewe?"

Alivuta leso akajifunika uso, akaingia jikoni.

"Umeharibu," mke wangu akasema, na hakuwa anazungumzia vyungu.

Akaenda kwa mamake, akarudi na habari. Mama aliyaona yale mashimo akadhani kidole changu kimepenya, chungu baada ya chungu. Angekuwa mwanafunzi mwingine, angemgombeza. Lakini mkwe? Kumwambia mkwe kwamba ameharibu kazi yote ni kumwaibisha. Kwa hivyo alichukua udongo mbichi, akaziba moja moja, akalainisha ndani na nje, na asimwambie hata binti yake. Alikuwa amenisitiri, na mimi nikamlipa kwa makelele.

Niliketi kule nyuma ya ukuta, nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Mti ungeozea ndani ya vyungu vile. Kuvitoboa baada ya moto, nilijua vingevunjika. Nikaiona Nairobi, nikaona kile chumba changu kando ya geti. Sikuitaka. Nikaanza kusema na ukuta, kwa sauti, bila kumtuma mtu.

"Mti ukinyweshwa na maji yakakosa pa kutokea, mizizi inaoza. Unakufa ukiwa umesimama. Ndiyo maana nilitoboa. Kosa ni langu, sikusema. Nisamehe, mwaitu."

Nikasikia hatua zikizunguka ukuta, na hazikuwa za mke wangu. Mama mkwe alikuja akaketi chini kando yangu, akanyoosha miguu, msumari mrefu mkono mmoja na kikombe cha maji mkono mwingine. Akachukua chungu nilichokuwa nacho, akakilaza kifudifudi juu ya leso mapajani. Akadondosha maji, akausokota msumari kati ya viganja vyake, polepole.

"Usigonge," akasema. "Zungusha. Maji. Zungusha."

Alikuwa anasema na mimi. Sikujua kama naruhusiwa kutazama, nikatazama. Tope jekundu lilichuruzika, na baada ya muda msumari ukapita. Akanipa msumari. Chungu nilichoshika mimi kikapasuka papo hapo.

"Haraka ya Nairobi hiyo," akasema.

Hatukuharibu kingine. Jua likielekea kuzama tulikuwa na vyungu kumi. Mke wangu alimimina maji katika kila kimoja, yakatoka chini vizuri. Alikuwa bado ameinamia cha mwisho simu yangu ilipolia juu ya gogo. Mzee wa Nairobi.

"Haya, mjibu," mke wangu akasema.

Viganja vyangu vilikuwa tope tupu, na kusema kweli nilikuwa namwogopa yule mzee. Mama mkwe akainyakua simu, akaiweka sikioni.

"Ako kazini," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Akasikiliza kidogo.

"La, si huko. Kazini hapa."