Mwanga wa Jiwe la Hamda

Wifi yangu Hamda alikuwa na ugonjwa wa mawe, na si yale ya figo. Alikuwa akiyakusanya. Nilipoolewa na kaka yake Nasser mwaka 1996, nikatoka kwetu Paje kuja kukaa nao nyumba moja Sokomuhogo, mjini Unguja, kitu cha kwanza alichonionesha hakikuwa jiko wala chumba changu. Lilikuwa bati la biskuti lililojaa pamba, na juu ya pamba vipande kumi na kimoja vya jiwe liitwalo floraiti.

"Wifi, mimi mawe nayajua," nikamwambia. "Kwetu tunajikwaa nayo kila siku."

"Yenu matumbawe hayo," akanijibu. "Unguja nzima hii ni tumbawe moja. Haya yanatoka ndani ya miamba ya mbali, we mtu wa shamba!"

Hamda alikuwa mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya mjini, na alikuwa hawezi kukupa kitu ukitazame tu bila ya kukufundisha. Siku ile ile akanieleza kwamba floraiti huota yenyewe pande sita zilizo sawa, hakuna fundi aliyeitia patasi. Akachukua msumari akanichorea kwenye kioo cha dirisha, kioo kikagoma. Akachora kwenye kipande kibovu cha floraiti, mchirizi ukatokea. "Umeona? Ndivyo unavyomjua," akasema, kama anayezungumza habari za jamaa yake. Lilikuwamo la manjano kama asali, lilikuwamo lenye mistari, na lilikuwamo la zambarau aliloletewa na binamu yake kutoka Maskati, limefungwa ndani ya kanzu mpya. Kanzu alimpa Nasser. Jiwe alilala nalo chini ya mto wiki nzima.

Lakini alilolipenda zaidi lilikuwa baya kuliko yote, kwa macho yangu mimi. Lilikuwa jeupe, kwa mbali lina ukijani, ukubwa wa kungumanga. Mjomba wake Matar, aliyekuwa mpakiaji bandarini Mombasa, aliliokota mwaka 1985 kwenye shehena ya madini iliyotoka bonde la Kerio, akamletea sikukuu. Mwaka uliofuata mjomba akafariki. Hamda akaanza kutafuta vitabu ajue alipewa nini, na katika kitabu kimoja akasoma jambo lililomnyima raha: kwamba baadhi ya mawe haya, ukiyapasha moto penye kiza, hutoa mwanga wake yenyewe. Mwanga huo hutoka mara moja tu. Ukishatoka, jiwe hilo haliwaki tena.

"Basi lipashe ujue," nikamwambia.

"Likipasuka?"

"Vunja kipembe, upashe hicho."

"Lina ufa katikati. Nyundo ikiligusa linakwenda lote." Akalirudisha kwenye pamba. "Nikiliunguza ntajua, lakini sina jiwe la mjomba. Nisipoliunguza nnalo, lakini sijui."

Kila likizo alilitoa, akalitazama, akalirudisha. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia mwanamke mzima anaogopa kijiwe.

Mwaka 1999 nilimzaa Badria. Alipofika miezi mitatu, alilia siku moja tangu adhuhuri, maziwa hataki, hanyamazi. Mamkwe wangu, Bi Mwatum, akamtazama akasema mtoto kapigwa jicho, nimfukize kwa shabu. Kwa asiyejua, shabu ni kijiwe cheupe chenye kung'aa, hununuliwa sokoni kwa wauza dawa. Ukikitia kwenye makaa huvimba na kufanya umbo, na wakubwa wetu husema umbo hilo ni la mwenye kijicho. "Imo kwenye kijaluba juu ya kabati," Bi Mwatum akaniambia.

Juu ya kabati palikuwa na vijaluba viwili, vikopo vidogo vyenye vifuniko. Hamda, asubuhi ile, alikuwa amelitoa jiwe lake kwenye bati ili alikague, akaitwa skuli kwa haraka, akalitia kwenye kijaluba kilichokuwa karibu. Mimi nilifungua hicho.

Magharibi ilikuwa inaingia na madirisha tushayafunga, maana saa hiyo hayaachwi wazi. Umeme haukuwapo. Nikaweka chetezo sakafuni, Badria begani, nikalitupa jiwe pembeni mwa makaa. Halikuvimba. Likakaa kimya, mara likaanza kuwaka buluu, na wala si kwa ndimi za moto: mwanga ulikuwa ndani ya jiwe lenyewe. Nikajua hii ndiyo hasadi yenyewe inatoka. Nikafumba macho kwa nguvu zote nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Nilipofika katikati nikasikia pa! pa! pa! Nilipofumbua, jiwe lilikuwa limetawanyika, kipande kimoja kinaunguza mkeka, na Badria amenyamaza anatazama.

Hamda alirudi akakuta vipande nimevikusanya kwenye sahani. Nilingoja matusi. Akakaa chini na viatu vyake mguuni, akanishika mikono miwili.

"Liliwaka?"

"Liliwaka, wifi. Nisamehe."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Ilibaki buluu mpaka mwisho? Ilidumu kwa muda gani?"

Alikuwa kashachukua daftari. Miaka kumi na minne alikuwa akiogopa kuutazama mwanga ule, na duniani kote macho yaliyouona yalikuwa yangu na ya mtoto wa miezi mitatu. Sikuweza kumwambia kwamba niliyafumba. "Buluu mpaka mwisho," nikasema. "Mtu angehesabu mpaka ishirini." Akaandika. Akalia kidogo, akanishukuru! Wallahi, bora angenitukana.

Uongo ule ukaishi nasi miaka minane. Mwaka 2007 skuli yao ilifanya maonesho ya sayansi, na Hamda akaandika kwa kalamu nene kwenye kadi: "Mwanga wa buluu, ulidumu mpaka hesabu ya ishirini. Shahidi: Bi Mwanamkasi wa Paje." Akanitaka niende nikawasimulie wanafunzi. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaiweka mbuzi kando.

"Hamda, mimi nilifumba macho."

"Ulifumba lini?"

"Mara tu lilipoanza. Hiyo ishirini nimeitunga. Na mwisho wake sikuuona."

Alisimama. "Miaka minane nnawasomesha watoto wa watu uongo wako!" Akaichana kadi vipande vinne, na kwa siku tatu hakunijibu hata salamu. Nilikonda.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nikasikia: "Mwanamkasi!"

"Naam."

Alikuwa amefunga madirisha na kuyatundikia blanketi. Makaa yalikuwa tayari, juu yake kaweka kigae ili wekundu wa moto usitudanganye. Mkononi ana lile jiwe la zambarau la Maskati, lililo zuri kuliko yote, pembe zake zote nane zimetimia.

"Basi hatujui," akasema. "Na mimi sitaki kufa sijui. Shika kisu hapa."

Nikashika kisu, yeye akapiga kwa mchi mdogo. Pembe moja ikaruka. Akaiokota, akaiweka juu ya kigae, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga yake.

Tulingoja. Kipembe kikaanza kuwaka kijani, hafifu, nikadhani ni macho yangu. Kikakolea, kikageuka buluu, kikawa zambarau ya mbilingani, na Hamda anahesabu kwa sauti. Alipofika thelathini na nne kikazimika. Nikamsikia anacheka na kulia pamoja.

"Miaka ishirini na mbili," akasema kizani, "nnaogopa kitu hiki?"

Nikapapasa nimshike mkono, nikaukuta uko ndani ya bati unatafuta.

"Nipe lile la manjano, wifi. Halafu lile lenye mistari."

Nikalivuta bati kutoka kwake, nikalifunika, nikalikalia.